Albert Schweitzer: kinanda kilicholisha hospitali

Jina la Daktari Albert Schweitzer si geni katika makanisa yetu. Wengi wamesikia habari za Mzungu yule aliyeacha heshima za Ulaya akaja kutibu wagonjwa katika msitu wa Gabon, kando ya mto Ogooué. Wachache wanajua kwamba mtu huyo alikuwa pia mmoja wa wapiga kinanda mashuhuri wa wakati wake. Kwa miaka mingi dawa, bandeji, mchele na mabati ya hospitali ya Lambaréné vilinunuliwa kwa fedha za vitabu vyake, kwa sadaka za marafiki, na kwa matamasha ya muziki aliyopiga katika makanisa ya Sweden, Uholanzi, Uingereza, Uswisi na nchi nyingine.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi kwa upande wa hospitali. Leo tuyafuate kwa upande wa kinanda, maana huko kuna somo kwa kila mmoja anayejiuliza kama kipaji chake kina faida katika kazi ya Mungu.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Kinanda tunachokisema hapa sicho kile cha umeme tunachobeba begani kwenda kwenye mkutano wa injili. Ni kinanda cha mabomba, ambacho huweza kujaza ukuta mzima wa kanisa. Kina mabomba mamia, pengine maelfu, ya madini na ya mbao, mengine marefu kuliko mtu, mengine mafupi kama kidole. Upepo hutoka katika mivukuto, kama ile ya mhunzi lakini mikubwa zaidi. Mpigaji hubonyeza vitufe kwa vidole, hukanyaga vibao kwa miguu, na huvuta vijiti vya pembeni ili kuchagua sauti. Mtu mmoja hufanya kazi ya kwaya nzima.

Mtoto wa mchungaji

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji mdogo wa Kaysersberg, jimbo la Alsace. Jimbo hilo liko mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, na wakati ule lilikuwa chini ya Ujerumani. Baba yake, Louis, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Mwaka uleule familia ilihamia kijiji cha Günsbach, ambako mtoto alikulia. Kanisa la Günsbach lilikuwa na jambo la pekee: Waprotestanti na Wakatoliki walilitumia wote wawili, kila upande kwa saa yake. Schweitzer alilipenda jambo hilo maisha yake yote.

Kinanda alikirithi kwa upande wa mama. Babu yake mzaa mama, mchungaji Schillinger wa kijiji cha Mühlbach, alipofika katika mji mgeni alitaka kwanza kuona vinanda vya makanisa yake. Mjukuu alianza kufundishwa piano na baba yake akiwa na miaka 5. Akiwa na miaka 8, miguu yake ikiwa inafika kwa shida kwenye vibao vya chini, alianza kupiga kinanda cha kanisa. Akiwa na miaka 9 alimshikia nafasi mpiga kinanda wa kijiji katika ibada.

Alipopelekwa kusoma Mulhouse, alikaa kwa wazee wa ukoo na akapata mwalimu mkali, Eugène Munch, mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Stefano. Mwanzoni mwalimu alikata tamaa naye. Kijana alipenda kubuni nyimbo zake kuliko kufanya mazoezi, na alipopiga kipande alichopewa, alikipiga bila moyo. Kumbe moyo ulikuwapo, ila aliona haya kuuonyesha. Siku alipojifunza vizuri kipande kimoja cha Mendelssohn na kukipiga kama alivyokisikia ndani yake, mwalimu alibadili mawazo. Alipofika miaka 16 alikuwa anaaminiwa kupiga katika ibada badala ya Munch.

Mwaka wa 1893, akiwa na miaka 18, alifika Paris na kuomba kusikilizwa na Charles-Marie Widor, mpiga kinanda wa kanisa kubwa la Saint-Sulpice. Kwa kawaida Widor alifundisha wanafunzi wa chuo cha muziki cha Paris tu. Alipomsikia kijana huyo akipiga Bach, akamkubali. Kuanzia hapo Widor akawa kwake kama baba.

Maneno yanafungua muziki

Mwaka huohuo Schweitzer aliingia Chuo Kikuu cha Strasbourg kusoma theolojia na filosofia. Alipata shahada ya udaktari wa filosofia mwaka wa 1899, kisha akawa mhubiri katika kanisa la Mtakatifu Nikola na baadaye mwalimu wa theolojia chuoni. Lakini kinanda hakukiacha. Ndugu ya mwalimu wake wa zamani, Ernest Munch, aliongoza kwaya iliyoimba kazi za Johann Sebastian Bach, na Schweitzer ndiye aliyepiga kinanda katika mazoezi na katika matamasha.

Mwaka wa 1899 lilitokea jambo ambalo wanakwaya wetu wataliona tamu. Widor, mwalimu mkuu wa Paris, alimweleza mwanafunzi wake kwamba kuna kazi za Bach asizozielewa. Ni vile vipande vifupi vya kinanda ambavyo Bach alivitunga juu ya nyimbo za kanisa la Kilutheri. Muziki unashuka ghafla, unapanda, unageuka, na Widor hakuona sababu. Schweitzer akamjibu kwamba sababu iko katika maneno ya wimbo. Mahali wimbo unapotaja mauti, kinanda kinazama. Unapotaja malaika, kinanda kinaruka. Widor, Mfaransa Mkatoliki, hakuwa amekua na nyimbo hizo. Mtoto wa mchungaji wa Günsbach alikuwa anazijua tangu utoto, akamtafsiria maneno moja baada ya jingine. Bingwa wa Paris akafundishwa na elimu iliyotoka katika benchi la kanisa la kijijini.

Widor akamwomba aandike jambo hilo kwa ajili ya Wafaransa. Maandiko yakakua, yakawa kitabu cha kurasa 455 kilichotoka kwa Kifaransa mwaka wa 1905. Wajerumani wakakitaka nao. Badala ya kukitafsiri tu, Schweitzer alikiandika upya kwa Kijerumani, na mwaka wa 1908 kikatoka na kurasa 844. Kitabu hicho kilibadili namna watu wengi walivyompiga na kumsikiliza Bach.

Wakati huohuo alianza kupigania vinanda vyenyewe. Siku zile viwanda vilikuwa vinatengeneza vinanda vipya vyenye kelele nyingi, na makanisa yalikuwa yanang'oa vile vya zamani na kuvitupa. Mwaka wa 1906 Schweitzer aliandika kitabu kidogo kueleza kwamba vinanda vya mafundi wa zamani vina sauti safi zaidi, na kwamba kelele si utukufu. Mwaka wa 1909, katika mkutano wa kimataifa wa muziki uliofanyika Vienna, alishiriki kutunga kanuni za kujenga vinanda. Alitumia siku nyingi kuandika barua kwa maaskofu, mameya na wazee wa makanisa akiwasihi wasiharibu vyombo vyao. Baadaye watu walimtania kwamba Afrika anaokoa wagonjwa, na Ulaya anaokoa vinanda vizee.

Ahadi ya miaka thelathini

Sasa turudi nyuma kidogo. Siku za Pentekoste mwaka wa 1896, akiwa na miaka 21, Schweitzer alikuwa nyumbani Günsbach. Aliamka asubuhi na kuiona furaha yake: wazazi, afya, masomo, muziki. Akaona hawezi kuipokea furaha hiyo bure. Alikuwa amelitafakari kwa muda mrefu neno la Yesu juu ya mtu anayeipoteza nafsi yake na kuiokoa. Akaamua kwamba hadi miaka 30 ataishi kwa ajili ya elimu na muziki, na baada ya hapo atawatumikia watu kwa mikono yake. Namna ya utumishi huo hakuijua bado.

Katika majira ya vuli ya 1904 alikuta mezani gazeti la Shirika la Misheni la Paris. Ndani yake mkuu wa shirika, Alfred Boegner, alieleza kwamba misheni ya Gabon inakosa watumishi. Schweitzer akasoma, akafunga gazeti, akaendelea na kazi yake. Kutafuta kwake kulikuwa kumekwisha. Tarehe 13 Oktoba 1905 alitia barua katika sanduku la posta huko Paris, akiwaarifu wazazi na marafiki kwamba ataanza kusoma udaktari wa tiba ili aende Afrika. Baadaye alieleza sababu kwa mfano wa tajiri na Lazaro: Ulaya ndiyo tajiri mwenye dawa na elimu, na Afrika ni Lazaro aliyelala mlangoni.

Marafiki walikasirika. Walimwambia anazika talanta zake. Widor alimkaripia kama mwanawe, akimfananisha na jenerali anayetaka kushika bunduki na kupigana mstari wa mbele kama askari wa kawaida. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Mpiga kinanda wa namna ile hapatikani kila mwaka, na mikono ya fundi wa muziki si ya kubeba mbao na kuchimba misingi.

Alisoma tiba miaka mingi huku akifundisha, akihubiri na kupiga kinanda. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Bach cha Paris, na alipiga katika matamasha yake. Alikwenda pia Barcelona kupiga pamoja na kwaya kubwa ya Orfeó Català. Mwaka wa 1911, alipohitaji ada ya mtihani wa mwisho wa udaktari, aliipata kwa kupiga kinanda huko München katika kazi mpya ya Widor, na Widor mwenyewe akiongoza okestra. Kwa hiyo, hata kabla hajamwona mgonjwa mmoja wa Afrika, kinanda kilikuwa kimeanza kulipa.

Misheni ya Paris nayo ilisitasita. Schweitzer alikuwa ameandika vitabu vya theolojia ambavyo baadhi ya wazee wa misheni waliviona vina mafundisho ya hatari. Mwishowe alikubaliwa kwa masharti: atajigharimia mwenyewe, atakuwa daktari tu, na hatahubiri. Akakubali. Baadaye, huko Lambaréné, wamisionari wenyewe walimwomba ahubiri.

Sadaka ya Isaka

Mwaka wa 1912 alimwoa Helene Bresslau, ambaye alikuwa amesomea uuguzi ili wafanye kazi pamoja. Siku ya Ijumaa Kuu ya 1913 waliondoka Günsbach, na tarehe 16 Aprili wakafika Lambaréné. Chumba chake cha kwanza cha kutibia wagonjwa kilikuwa banda la kuku lililosafishwa. Mtu aliyemsaidia tangu mwanzo alikuwa Joseph Azoawani, mpishi aliyejua lugha kadhaa. Huyo akawa mkalimani wake na msaidizi katika kutibu. Bila yeye daktari asingeelewa mgonjwa anaumwa wapi.

Schweitzer alikuwa amejiandaa kupoteza vitu vitatu: muziki, kazi ya kufundisha chuoni, na uwezo wa kujitegemea kwa fedha. Lakini Chama cha Bach cha Paris kilikuwa kimempa zawadi ya kuagana: piano iliyotengenezwa maalum kwa nchi za joto, yenye vibao vya kukanyaga kama vya kinanda. Ilifika katika sanduku lililofunikwa zinki ndani, ikavushwa mtoni kwa mtumbwi mkubwa uliochongwa katika gogo moja, ambao mfanyabiashara mmoja wa hapo aliuazima.

Mwanzoni hakuwa na moyo wa kufanya mazoezi. Alifikiri ni afadhali vidole na miguu vishike kutu, ili kuachana na muziki kusimuume sana. Hata jioni moja, akiwa na huzuni, akapiga kipande cha Bach. Hapo wazo likamjia: saa hizi za upweke msituni, ambako hakuna tamasha la kuharakia, ndizo saa za kujifunza kwa utulivu. Akaamua kuchukua kazi za Bach, Mendelssohn, Widor, César Franck na Max Reger, moja baada ya nyingine, na kuzijua kwa kichwa hadi noti ya mwisho, hata kama kipande kimoja kitamchukua wiki au miezi. Mchana alipasua majipu na henia. Usiku, hata kwa nusu saa tu, alikaa kwenye piano.

Mwezi wa Agosti 1914 vita kuu vilianza. Schweitzer na mkewe walikuwa raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa, wakawekwa chini ya ulinzi. Mwaka wa 1917 walipelekwa Ufaransa kama wafungwa. Katika kambi ya Garaison, chini ya milima ya Pyrenees, hakuwa na chombo chochote. Akafanya kama alivyofanya utotoni: meza ikawa vitufe, sakafu ikawa vibao vya miguu. Alikaa hapo akipiga muziki usiosikiwa na mtu, ili vidole visisahau.

Katika kitabu cha maisha yake alijilinganisha na Ibrahimu, aliyekuwa tayari kumtoa mwanawe na bado akarudishiwa. Kinanda alichokuwa amekiweka madhabahuni alirudishiwa, na alirudishiwa kikiwa na kazi mpya.

Sarafu chini ya kabati

Mwaka wa 1918 aliachiliwa, akiwa mgonjwa na mwenye deni. Fedha za kuendesha hospitali wakati wa vita alikuwa amezikopa kwa misheni ya Paris na kwa marafiki. Alirudi Strasbourg, akafanyiwa upasuaji, akapata kazi ya daktari hospitalini na ya uchungaji katika Mtakatifu Nikola. Tarehe 14 Januari 1919, siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, binti yake Rhena alizaliwa. Ulaya ya wasomi ilikuwa kama imemsahau. Alijiona, alivyoeleza baadaye, kama sarafu iliyoviringika chini ya kabati na kuachwa huko.

Walioikumbuka sarafu hiyo kwanza ni wanamuziki. Mwezi wa Oktoba 1919 Orfeó Català walimwalika tena Barcelona. Alikusanya fedha kwa shida, akaenda, akapiga. Akatambua kwamba bado ana thamani, na kwamba zile usiku za Lambaréné hazikupotea.

Kisha ikaja barua kutoka Sweden. Askofu Mkuu Nathan Söderblom wa Uppsala alimwalika atoe mihadhara chuoni mwaka wa 1920. Walipokuwa wanatembea na kuzungumza, Schweitzer akamfunulia mzigo wa madeni yake. Söderblom akamshauri azunguke nchi akitoa mihadhara na kupiga vinanda vya makanisa ya Sweden, ambavyo vingi vilikuwa vya zamani na vyenye sauti nzuri. Baada ya wiki chache alikuwa na fedha za kulipa madeni yaliyombana zaidi. Hapo ndipo alipoamua kurudi Lambaréné.

Mwezi wa Aprili 1921 aliacha mishahara yake yote miwili ya Strasbourg. Tangu siku hiyo aliishi kwa kalamu na kinanda. Alipiga Uswisi, Sweden, Uingereza, Denmark. Mwaka wa 1924 alirudi Gabon na kukuta majengo yameoza na njia zimemezwa na majani. Akajenga upya. Njaa na ugonjwa wa kuhara damu vilipoingia mwaka wa 1925, mahali hapo pakawa padogo, akaamua kuhamisha hospitali yote kwenye uwanja mkubwa zaidi kando ya mto. Mwezi wa Januari 1927 wagonjwa wakahamia. Mwaka huohuo akarudi Ulaya, kwa safari ndefu ya matamasha hadi 1929.

Namna alivyopiga

Kila alipofika katika mji wa tamasha, alikwenda kwanza kwenye kinanda. Alitumia saa nyingi akizifahamu sauti zake, maana hakuna vinanda viwili vinavyofanana. Akikuta bomba lililoharibika, aliweza kuvua koti na kuingia ndani kulishughulikia. Alisafiri kwa daraja la tatu katika treni ili fedha zibaki kwa wagonjwa.

Hakupiga haraka. Alitaka kila sauti ya Bach isikike kama mtu anayesema, na msikilizaji aweze kufuata mazungumzo. Walikuwapo waliomwona mzito, nao wapigaji vijana walikuwa na vidole vyepesi kuliko vyake. Lakini makanisa yalijaa, na watu wengi walitoka wakisema wameomba.

Mwishoni mwa 1935 alirekodi santuri za Bach mjini London, katika kanisa la All Hallows karibu na mnara wa Tower. Mwaka wa 1936 alirekodi nyingine Strasbourg, katika kanisa la Sainte-Aurélie. Kinanda cha All Hallows kiliteketea baadaye katika vita vya pili. Kilichobaki ni sauti katika santuri zile. Miaka ya 1951 na 1952, akiwa mzee, alirekodi tena, safari hii Günsbach, katika kanisa alilopiga akiwa mtoto wa miaka 9.

Gharama na kasoro

Tusimfanye malaika. Gharama ya maisha hayo haikulipwa na yeye peke yake. Helene, aliyekuwa ameshiriki wito tangu mwanzo, alivunjika afya. Mwaka wa 1924 mumewe aliporudi Gabon, yeye alibaki Ulaya na mtoto wa miaka 5. Kwa miaka mingi waliishi mbali mbali. Kila tamasha lililosifiwa lilikuwa na mwanamke aliyekuwa anangoja.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi Waafrika zaidi. Schweitzer aliwapenda wagonjwa wake, aliwaruhusu waje na jamaa zao na kupika chakula chao wenyewe, na alifanya kazi usiku na mchana. Lakini aliwaona Waafrika kama wadogo zake, yeye akiwa kaka mkubwa mwenye amri. Madaktari na wauguzi wakuu walitoka Ulaya na Marekani. Gabon ilipopata uhuru mwaka wa 1960, hospitali ilikuwa bado mikononi mwa wageni. Watu kama Joseph Azoawani walishika mikono ya kazi hiyo tangu siku ya kwanza, lakini hawakuandaliwa kuishika kwa vichwa. Waandishi wa Afrika, akiwamo Chinua Achebe, wamelisema hilo waziwazi, na ni haki lisemwe. Mtu anaweza kutoa vyote alivyo navyo na bado asitoe nafasi yake.

Miaka ya mwisho

Mwaka wa 1939 alifika Ulaya, akaona vita vinakuja, akageuka baada ya siku chache na kurudi Lambaréné. Alikaa huko hadi 1948. Mwaka wa 1949 alikwenda Marekani kwa mara ya kwanza. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, na fedha zake zikasaidia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Wageni waliofika Lambaréné nyakati hizo wameeleza jinsi walivyosikia usiku sauti ya piano ikichanganyika na wadudu, vyura na mbuzi, mzee akifanya mazoezi ya Bach kama mwanafunzi.

Helene alifariki mwaka wa 1957, na majivu yake yakazikwa Lambaréné. Albert Schweitzer alifariki hapo hapo tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na miaka 90, akazikwa karibu naye kando ya mto Ogooué. Binti yao Rhena ndiye aliyeshika uongozi wa hospitali baada yake.

Kwetu sisi

Katika parokia zetu kuna vijana wengi wapigaji wa kinanda, gitaa na ngoma. Mara nyingi wanaambiwa kwamba muziki ni wa Jumapili tu na kazi ya kweli iko mahali pengine. Wengine wanaambiwa kinyume chake, kwamba wakiwa na kipaji basi wakifuate hadi jina lao likue, na wagonjwa wana watu wao. Maisha ya Schweitzer yanajibu pande zote mbili. Alikuwa tayari kuacha kinanda kwa ajili ya mgonjwa, na kwa sababu hiyo kinanda chake kikawa na watu wa kuwalisha. Tukumbuke pia kwamba kilichomwezesha hakikuwa kipaji kitupu. Ilikuwa nusu saa ya mazoezi kila usiku, baada ya kazi, mahali ambapo hakuna aliyempigia makofi.

Na pale alipopungukiwa, sisi tuongeze. Mwalimu wa kwaya amwite kijana karibu na kinanda, amwonyeshe, kisha amwachie kiti. Daktari na mchungaji wafanye vivyo hivyo. Azoawani wa leo wako katika kila shirika letu. Tusingoje wazeeke wakiwa wasaidizi.